Fomu ya Chuo na Akili za Mnadani

Baba yangu hakuwahi, maisha yake yote, kununua ng'ombe aliyemwulizia wa kwanza. Nalisema hili mapema, kwa sababu asiyelijua hataelewa ilikuwaje mtu mwenye akili timamu akamwambia binti yake aombe kusoma sheria, wakati nyumba nzima ilijua kwamba binti anataka kusoma sanaa za maonyesho, na baba mwenyewe ndiye aliyelitaka jambo hilo kuliko wote.

Mnadani baba alikuwa hivi. Anaingia taratibu, fimbo mabegani, anampita yule mtamba aliyemtolea macho tangu mbali kama vile hamwoni. Anakwenda kusimama kwa maksai mzee, anamkagua meno, anamwuliza mwenye mali habari zake, anaguna. Anahamia kwa dume lenye kovu, nalo analitia kasoro. Muuzaji anaanza kukata tamaa. Baba ameshageuka kuondoka ndipo anaonyesha kwa kidevu: "Na haka kadogo kalikokonda hapa, nako ni kako?" Jioni mtamba yuko zizini kwetu. Watu wa Kasansa, kijijini kwetu, walikuwa wakimwomba awasindikize kununua ng'ombe, naye aliringa, usiniulize.

Sisi ni Wasukuma tuliokuja Mpimbwe na mifugo yetu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Siku hizi wanasema mkoa wa Katavi. Wakati wa kisa hiki, miaka ya tisini, tulikuwa Rukwa bado, na Mpanda ndiyo ilikuwa mjini kwetu. Baba hakusoma hata darasa moja. Lakini alikuwa manju, kiongozi wa ngoma, mtunga nyimbo, na baada ya mavuno watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwona. Mimi nilianza kucheza nyuma yake kabla sijajua kufunga kanga vizuri. Kisha nikapelekwa shule ya bweni Tabora, nikaingia kikundi cha maigizo, na siku tuliyoigiza habari za ukimwi pale sokoni, mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga aliacha karanga zake akaja kunifuta machozi, akidhani nimefiwa kweli. Tangu siku hiyo nilijua ninachotaka. Sikutaka kitu kingine, na nilikuwa msichana wa hasira: ukinigusa hapo, tunagombana.

Nilipomaliza kidato cha sita, aliyenishika mkono ni mwalimu wangu wa shule ya msingi. Alikuwa amestaafu, amehamia Kakese, karibu na Mpanda, analima mahindi na alizeti, mjane mwenye sauti ya kuamrisha hata akikukaribisha chakula. Yeye ndiye aliyeandika barua kwenye vyuo kuomba maelezo, na majibu yalipokuja akanitumia kwa dereva wa lori la mpunga: bahasha tatu, zimefungwa kwa mpira.

Tulizifungua uani, mchana, mama akipepeta mchele. Bahasha ya kwanza ilikuwa ya chuo cha sanaa cha kule pwani. Stashahada, miaka mitatu, ngoma, sarakasi, uigizaji. Ya pili ilikuwa ya chuo cha ualimu cha kanda ya ziwa, kinachofundisha walimu wa sanaa. Ya tatu ilikuwa ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambako ungeweza kupata shahada nzima ya sanaa za maonyesho.

Mama hakupepesa macho. "Mimi nasema kanda ya ziwa. Mama yako mdogo yuko kule. Ukiumwa utapata mtu wa kukupikia uji."

"Mama, siendi kuumwa, naenda kusoma."

"Wanaosoma hawaumwi?"

Baba yeye hakujua kusoma, lakini picha alizisoma. Alichukua kile kijitabu cha pwani akakiweka mbali na macho, akakisogeza karibu, akakiweka mbali tena. Palikuwa na picha ya vijana wanapiga ngoma. "Huyu," akasema, "ngoma ameishika kama anaogopa itamwuma. Nani amemfundisha?" Nikamwambia pengine ndiyo kwanza ameanza. "Na mwanzoni ndiyo wanampiga picha?" Kijitabu kikawekwa pembeni. Hicho chuo najua kimetoa wasanii wazuri wa nchi hii, lakini kwetu kilianguka kwa ajili ya mkono wa kijana mmoja.

Akachukua cha chuo kikuu. Picha yao ilikuwa ya wanafunzi wamekaa kwenye viti, madaftari mapajani.

"Hawa wamekaa."

"Wanasoma, baba."

"Kucheza kunasomwa umekaa?"

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na mwalimu wangu: kwamba pale unajifunza kuigiza, lakini pia kutunga mchezo, kuwaelekeza wengine, na kuchunguza ngoma za makabila, zilianzaje, zinachezwa kwa nini. Nikasema hata ngoma zetu za Kisukuma zimeandikwa vitabuni.

Baba akamwangalia mama, akaniangalia mimi. "Nani amewaambia?"

"Walikuja wakauliza watu, baba, miaka hiyo."

"Kwangu hawakuja." Alikasirika kweli, nakwambia, kama mtu aliyesikia kuna harusi kwa ndugu yake na hakualikwa. Kisha akagonga kile kijitabu kwa kidole. "Basi nenda hapa. Nenda ukasome hicho kitabu, uone kama wameandika sawasawa. Wakikosea, uwasahihishe."

Mama akasema haya, mmeshaamua wenyewe, uji atajipikia. Ndivyo nilivyochagua chuo. Wengine huchagua kwa sababu za maana zaidi, najua, lakini hadi leo sijapata sababu ya kuizidi hiyo.

Fomu ilikuja wiki chache baadaye, kwa njia ile ile ya lori, na moja tu. Mwalimu wangu alikuwa ameandika kwa penseli juu ya bahasha: *Jaza mwenyewe, umeshakuwa mkubwa. Tarehe ya mwisho imekaribia.* Ilikuwa na nafasi tatu za masomo unayoomba, moja chini ya nyingine. Maelekezo yalikuwa ya Kiingereza, yakisema mwombaji apange kwa jinsi anavyopenda, anachokipenda zaidi kikae juu. Nikamtafsiria baba, kalamu iko mkononi.

Baba akacheka. Kile kicheko chake cha mnadani, cha puani.

"Ndivyo wanavyosema."

"Ndivyo ilivyoandikwa, baba."

"Na muuzaji anasemaje ukifika? Si anasema, 'Karibu mzee, niambie tu unamtaka yupi'? Sasa wewe mwambie, uone." Akavuta kigoda. "Ng'wanawane, mwanangu, sikiliza. Ukimwonyesha mtu kitu unachokitaka, umempa kamba akufunge. Watasema, huyu anakufa kwa ajili ya hii sanaa, ngoja tumsumbue. Watakunyima makusudi waone utalia vipi. Anza na kitu kikubwa usichokitaka. Kitu gani kikubwa hapo?"

"Sheria."

"Andika sheria. Halafu?"

"Ualimu."

"Andika ualimu. Halafu chini kabisa, kama umekumbuka tu, weka yule wako."

Sasa hapa ndipo watu huniuliza: wewe, msomi wa kidato cha sita, hukuona? Jamani, niliona na sikuona. Niliishika kalamu muda mrefu. Lakini nilikuwa nimekula, nimevaa na kusomeshwa kwa akili ile ile. Hakuna mnada ambao baba alitoka mikono mitupu. Mimi nilikuwa nimeshinda mitihani tu. Baba alikuwa ameshinda watu. Mama peke yake ndiye aliyesema kitu, bila kuinua kichwa kwenye ungo: "Ujanja mwingi, mbele giza." Baba akamwambia wanawake hawajui mnada. Mama akasema sawa. Nikaandika, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa: sheria, ualimu, sanaa za maonyesho.

Tuliondoka pamoja kwenda Mpanda kuituma, kwa sababu baba hakuamini posta za vijijini. Tulipanda juu ya magunia ya mpunga, tukapita mbugani tukipigana na mbung'o wanaouma hadi kupita shati, baba akiimba njia nzima. Alikuwa na furaha ya mtu ambaye biashara imeshakwisha. Tulilala kwa rafiki yake mjini, na asubuhi tukaenda posta. Karani, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akatuandikia rejista, akagonga mhuri, akanipa karatasi ya kupokelea. Barua, alisema, zinaondoka na treni ya kesho alfajiri.

"Sasa," baba akasema, "tukamsalimie mwalimu wako."

Rafiki yake akatuazima baiskeli. Baba akakanyaga, mimi nikakaa kwenye keria, mzigo wa fomu moyoni umeshatuliwa, nikitazama mashamba ya Kakese na kujiona tayari niko Dar es Salaam.

Mwalimu alitupokea kwa shangwe. Akatutandikia mkeka, akaleta mihogo ya kuchemsha na asali kutoka Inyonga. Tukala. Baba akasubiri hadi ameramba vidole, ndipo akaanza kusimulia jinsi tulivyoijaza fomu. Alisimulia vizuri mno. Alikuwa manju, hadithi ilikuwa kazi yake. Alimwigiza mkuu wa chuo akiwa amekaa kwenye kiti, anasoma: "Sheria, mhm. Ualimu, mhm. Na haka kadogo hapa chini?" Mimi nilicheka mpaka nikajishika mbavu.

Mwalimu hakucheka. Aliweka bakuli la asali chini.

"Mzee, unatania."

"Sitanii, mwalimu. Hawatushiki."

"Wewe!" Sasa ananitazama mimi, na sauti ilikuwa ile ya darasa la tatu. "Umeandika sheria namba moja?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa wino?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akajishika kichwa. "Mungu wangu, nyie watu! Hiyo fomu haina mtu wa kupatana naye! Inasomwa kuanzia juu. Alama zako zinatosha ualimu, wakikukosesha sheria watakupa ualimu na faili linafungwa. Hiyo namba tatu hakuna atakayeifikia! Hakuna atakayeiona!"

Nilimtazama baba. Sijawahi kumwona mtu akipungua vile: mabega yalishuka, mikono ikakaa magotini, akawa mzee mdogo juu ya mkeka wa mtu. Alijaribu. "Lakini mwalimu, wakimwita kumpa sheria, si ndipo anasema, hapana, labda hii ya tatu..."

"Mzee, hawauzi! Mficha uchi hazai. Ukitaka kitu serikalini unakisema!" Akaangalia jua. "Posta inafungwa saa kumi na nusu. Nendeni. Nendeni sasa hivi!"

Hatukuaga. Baba alikanyaga ile baiskeli kama kijana anayefukuzwa. Njia ilikuwa ya mchanga, na kila tulipozama nilishuka nikasukuma, nikaruka tena. Karibu nusu ya njia baba, mgongo umelowa, akasema bila kugeuka:

"Hao watu wa chuo hawajui biashara."

Nikalipuka. "Baba, nyamaza ukanyage!"

Mungu anisamehe. Sijui kama kuna mtoto wa ukoo wetu aliyewahi kumwambia baba yake maneno hayo. Nilishika mdomo, nikangoja asimamishe baiskeli, anishushe, anipige mbele ya mashamba ya watu. Hakusimama. Alinyamaza, akakanyaga. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko kipigo.

Tulifika posta jasho linatudondoka hadi kwenye sakafu. Palikuwa na foleni ya watu kama sita: mama mmoja na mtoto, askari wa nyamapori, vijana wawili, wengine siwakumbuki. Nikapita wote, nikaweka ile karatasi ya rejista kwenye kaunta, nikaeleza. Karani akanitazama juu ya miwani yake ya uzi.

"Barua ikishagongwa mhuri ni ya aliyeandikiwa."

"Bwana karani, tafadhali. Ni fomu yangu. Nimekosea."

Akaguna, akaitazama karatasi, akanitazama tena. Labda aliona sura yangu. Akasema kwa kuwa mfuko haujafungwa na karatasi ninayo, mwenye barua anaweza kuirudisha, akaenda nyuma akaja nayo. Nikaifungua. Na pale juu, kwa herufi kubwa ambazo niliziona nyumbani nisizijali, palikuwa pameandikwa: fomu iliyofutwa au kukwanguliwa haitapokelewa. Fomu nyingine haikuwepo Mpanda yote. Na treni ilikuwa kesho, na baada ya treni hiyo ingepita siku nyingine mbili, na tarehe isingengoja.

Nikaanza kulia pale pale kaunta. Si kilio cha mchezo.

Yule karani akasema, "Sasa binti, ukilia utailowesha. Andika barua ya maelezo, uiambatanishe. Si huyo atakayeipokea anajua kusoma?" Akanisukumia karatasi na kalamu yake mwenyewe iliyofungwa kwa kamba. "Lakini dakika kumi nafunga."

Nikainama kuandika, nikakosa neno la kwanza. Nilikuwa sijui niseme nini isipokuwa kwamba mimi ni mjinga. Ndipo baba aliponisogelea akasema, "Andika. Nasema mimi."

Akavua kofia. Akaanza: "Kwa mkuu wa chuo. Habari za huko. Huku kwetu mvua za mwaka huu zilichelewa, lakini mpunga haukuwa mbaya. Mifugo wazima, isipokuwa upande wa kusini..."

"Mzee!" karani akasema. "Tunafunga!"

"Nakuja," baba akasema. "Habari ya sheria tumeisikia, na ni kazi nzuri, na ualimu nao..."

"Mzee wangu," akasema yule mama mwenye mtoto kutoka kwenye foleni, kwa upole, "mwambie tu unachotaka."

Posta nzima ikamtazama. Baba akakohoa. Akasema, nami nikaandika haya, ambayo bado nayajua kwa moyo:

*Kosa ni langu. Mtoto aliniambia yaliyoandikwa nikamkatalia. Sheria hatuitaki. Ualimu hatuutaki. Tunataka ile ya chini, ya maonyesho. Mimi ni manju, nimeongoza ngoma tangu ujana, nimeona wachezaji wengi. Huyu ana sauti inayovuka mto. Hachoki. Hashtuki mbele ya watu. Akilia kwenye mchezo watu wanalia, na hamwangalii mtu kuona kama analia. Hilo halifundishwi. Sijamwambia kwa sababu mtoto hasifiwi mbele yake, ila leo hakuna njia. Msimkate kwa ujinga wa baba yake.*

Niliandika sioni mistari. Baba akaweka dole gumba kwenye pedi ya wino ya posta, akaligandamiza chini ya barua, akaliangalia lilivyotoka, akaligandamiza mara ya pili pembeni, kwa uhakika. Karani akaifunga bahasha mwenyewe, akagonga mhuri upya. Hakututoza rejista ya pili. Yule askari wa nyamapori akasema, "Atapata tu huyo," kwa sauti ya kukasirika.

Tulirudi Kasansa kwa lori, na safari hii baba hakuimba. Wala mimi sikumwomba radhi kwa yale maneno ya njiani. Nilijaribu mara mbili, akaonyesha mnyama porini, akaniuliza unamwona.

Miezi miwili baadaye niliitwa Dar es Salaam kwenye usaili. Nilisafiri na treni, nikiwa nimekariri hotuba ndefu ya malkia niliyoitunga mwenyewe, yenye kuanguka na kuzimia mwishoni. Niliingia kwenye chumba chenye feni, wahadhiri watatu mezani. Mmoja, mama wa makamo mwenye mvi mbele, alikuwa na faili langu limefunguliwa, na juu yake nikayaona madole mawili ya wino.

"Hii barua nani aliiandika?"

"Niliandika mimi, mama. Alisema baba."

"Alisemaje? Tuonyeshe."

Malkia wangu akafa bila kuzimia. Nilisimama pale nikijua kwamba kumwigiza mzazi mbele ya wageni kwetu ni utovu wa adabu wa hali ya juu. Unaweza kumwigiza mjomba, jirani, padri, lakini si baba. Kisha nikavua kofia ambayo sikuwa nayo. Nikaanza na habari za mvua. Walicheka sana kwenye mifugo ya kusini. Nilipofika kwenye dole gumba hawakucheka tena, na yule mama alikuwa amevua miwani. Akaniambia nenda, asante, utaandikiwa. Kweli niliandikiwa, na nilisoma pale miaka mitatu. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyorudi nyumbani kutoka kwenye usaili, kabla hatujajua lolote.

Ilikuwa jioni, ng'ombe wanaingia zizini. Mama aliniletea maji ya kunywa. Wadogo zangu wakanizunguka. Baba akakaa kwenye kigoda, akauliza habari za njia, habari za treni, habari za rafiki yake wa Mpanda. Nilijua anakokwenda, nikamngoja. Mwishowe akasema: "Na hao watu. Walikwambia ucheze nini?"

Ningeweza kudanganya. Malkia nilikuwa naye tayari. "Walisema nikucheze wewe, baba. Pale posta."

Mama akaacha kuchochea moto. Wadogo zangu wakaangalia chini. Baba akakigeuza kigoda kunielekea.

"Ukacheza?"

"Nilicheza."

"Hebu nione."

"Baba..."

"Nimesema nione."

Nikasimama katikati ya uwanja, ng'ombe wakipita nyuma yangu. Nilicheza yote: jasho, kofia, kile kikohozi chake, mvua zilizochelewa, karani anapiga kelele. Wadogo zangu walianza kucheka kwa kuibia, kisha wakacheka wazi, mama naye akaficha uso kwenye kanga. Nikafika kwenye "Kosa ni langu," nikayasema yote hadi mwisho, nikaweka dole gumba hewani, mara mbili. Nikangoja.

Baba alikuwa anatazama zizini. Kulikuwa na ndama anamlilia mama yake, akamsikiliza mpaka akanyamaza.

"Huyo mzee," akasema, kama anamsema mtu wa kijiji cha pili, "anampenda mtoto wake."

"Anampenda," nikasema.

"Basi angemwambia."

"Alimwambia, baba. Posta, mbele ya watu wote."

Akatikisa kichwa polepole, akilipima jambo hilo. "Alifanya vizuri," akasema, akainuka kwenda kukamua.